Deni la Mgambo

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani aanze kulipa pale ambapo watu wawili wanadaiana. Mkulima akimdai mwenye duka bei ya pamba yake, na mwenye duka akamdai mkulima bei ya sukari, jambo ni rahisi: watakaa chini, watahesabu, na mmoja atatoa kilichozidi. Lakini raia na nchi yake wanapodaiana, nani anashika daftari? Swali hili limekaa nami kwa miaka kadhaa sasa. Halikunijia kwa kusoma vitabu vya siasa. Lilinijia kwa njia ya ada ya chuo kikuu.

Mimi ni mwalimu. Kwetu ni Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara itokayo Lusahunga kwenda Rusumo, ambako malori ya Rwanda hupita usiku na mchana. Kazi yangu karibu yote nimeifanya wilaya jirani ya Ngara. Kwa hiyo nimeishi maisha yangu katika kona ya nchi ambayo wengi huijua kwa mambo mawili tu, vita na wakimbizi. Yote mawili yamo katika habari hii.

Marehemu mama alikuwa akisema kwamba Baba aliondoka nyumbani mara moja tu maishani mwake, na mara hiyo ilitosha. Ilikuwa mwishoni mwa 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia na kuiteka ardhi yetu kaskazini mwa mto Kagera, na mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi; jina la Kagera tulilipata 1979. Mgambo wa vijiji waliandikwa kwa maelfu ili kuliongezea nguvu Jeshi la Wananchi. Baba aliandikwa. Mimi nilikuwa na umri wa miaka saba, na ninachokumbuka ni kwamba alivaa viatu vilivyomzidi.

Huwa hasimulii sana. Ukimwuliza habari za vita atakwambia kwamba vita vile vilikuwa kutembea. Walitembea kutoka Mutukula hadi Masaka, wakatembea tena mvua za masika zikiwapiga migongoni, na Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwa na vidonda miguuni kiasi kwamba hakuweza kushangilia akiwa amesimama. Alirejea 1980. Alikuwa na blanketi moja, sare iliyopauka, na karatasi ya kuachishwa aliyoiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na kadi ya chama. Wiki iliyofuata alikuwa shambani. Siku zile tulikuwa tumeambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba mikanda ile ilikawia sana kulegea, na kwamba kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya harusi.

Basi, mwana wa mgambo huyu alisoma. Alisoma mpaka chuo kikuu, na nyumbani hatukulipa ada ya chuo hata senti moja. Hapa hapana budi nieleze kidogo jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu vijana wa leo wakisikia kwamba tulisoma bure wanadhani tulipewa tu, kama mtu apewavyo maji ya kunywa njiani.

Hatukupewa tu. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba mwanafunzi ndiye mdaiwa. Mwalimu Nyerere alikuwa amelieleza jambo hilo kwa mfano wa kijiji chenye njaa: wanakijiji wamekusanya chakula chote walichobakiwa nacho wakampa mtu mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula kingine. Mtu huyo ndiye msomi. Akila akatokomea, amewaua. Kwa sababu hiyo msomi alitakiwa kutumikia. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa 1963, na Serikali ilipotaka wasomi walitumikie kwa lazima, sehemu kubwa ya muda huo wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga. Karibu 400 walirudishwa makwao. Siku hiyohiyo Rais alijipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20, ili asije akaambiwa kwamba anawakamua wengine huku yeye mwenyewe hakamuliwi.

Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974. Aliyemaliza kidato cha sita alikwenda JKT kwanza, akaenda kufanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili, ndipo akaomba chuo, akiwa na barua za mwajiri na za chama kwamba ni mtu anayefaa. Mimi nilipomaliza 1991 nilikuta sharti la kazi limekwisha kulegezwa, lakini JKT ilikuwa palepale. Nilipelekwa Makutupora, Dodoma. Nilipalilia mizabibu, nilikimbia mchakamchaka alfajiri, nilijifunza kula haraka na kunyamaza. Ndipo nikaingia chuo. Nilitumikia, nikasomeshwa. Nilidhani huo ndio utaratibu wa dunia nzima.

Kijana mmoja kutoka kambi ya Lukole ndiye aliyenionyesha kwamba kuna utaratibu mwingine.

Nilianza kazi Ngara 1995. Mwaka mmoja kabla, tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, Wanyarwanda wapatao 250,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, na Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji yote ya mkoa. Wao waliondoka mwishoni mwa 1996. Waliobaki Ngara ni Warundi, kule Lukole. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wamekimbia Burundi tangu 1972, wakakaa Rwanda miaka ishirini na miwili, kisha vita vikawafukuza tena hadi kwetu. Kijana ninayemsema alizaliwa katika familia ya namna hiyo. Alikuwa akija kwangu siku za Jumamosi kwa mguu, nikimfundisha Kiingereza, naye akinilimia bustani kwa hiari yake ingawa sikumwomba.

Kuanzia 2007 Marekani ilichukua maelfu ya wakimbizi hao wa 1972 waliokuwa Tanzania. Familia yake ilikuwamo. Tuliagana, nikafikiri ndiyo mwisho. Miaka mingi baadaye simu yangu ililia, na sauti nene ikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tulipomaliza kusalimiana akanieleza habari zake. Alipopata hati ya ukazi wa kudumu alijiunga na jeshi la Marekani, akatumikia miaka minne, akapelekwa Afghanistan, akarudi. Sasa alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uuguzi.

"Ada unaitoa wapi?" nilimwuliza.

"Silipi mimi, Mwalimu. Wanalipa wao. Ni haki yangu kwa kutumikia."

Neno lile, haki, alilitamka bila kusita, kama mtu anayetaja siku ya kuzaliwa kwake. Nilitafuta kujua habari hiyo. Wamarekani waliitunga sheria ya kwanza ya namna hiyo tarehe 22 Juni 1944, vita vikuu vya pili vikiwa havijaisha. Askari aliyerejea aliweza kulipiwa ada hadi dola 500 kwa mwaka, fedha zilizotosha karibu chuo chochote wakati ule, na akapewa dola 50 kila mwezi za kujikimu kama hana familia. Zaidi ya watu milioni mbili waliingia vyuoni kwa njia hiyo. Sheria anayoitumia kijana wangu ilipitishwa 2008. Aliyetumikia angalau miezi 36 hulipiwa masomo ya miezi 36: ada yote ya chuo cha serikali katika jimbo lake, fedha za pango, na hadi dola 1,000 kwa mwaka za vitabu. Anayebaki jeshini muda mrefu zaidi anaweza hata kumhamishia mtoto wake haki hiyo. Na mtoto wa askari aliyeuawa kazini naye husomeshwa.

Nisieleweke vibaya, sisemi kwamba kule ni peponi. Ile sheria ya 1944 iliwaacha nje askari weusi wengi, hasa katika majimbo ya kusini, kwa sababu vyuo viliwafungia milango na ofisi zilizogawa haki hizo zilikuwa mikononi mwa weupe. Na kijana wangu mwenyewe aliniambia waziwazi kwamba angekuwa na ada asingeshika bunduki. Mtoto wa tajiri husoma kwanza. Mtoto wa mkimbizi hupigana kwanza. Jambo hilo lina uchungu wake. Lakini daftari lao, hata likiwa na makosa, limeandikwa. Kabla hujavaa sare unajua nchi itakudai nini na wewe utaidai nini.

Mwaka 2022 mpwa wangu, binti wa dada yangu, alimaliza kidato cha sita. Wazazi wake ni wakulima kulekule Nyakahura. Kama wengine wengi wa mwaka wake alipelekwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliokuwa umesitishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Alikaa Kanembwa, mkoani Kigoma, miezi mitatu. Aliporudi alikuja kwangu Ngara akiwa mwembamba, mweusi kwa jua, na mwenye swali.

"Mjomba," alisema, "nimepata nafasi ya chuo Mwanza. Lakini nimefikiri niende JKT ya kujitolea miaka miwili. Wanasema ukitoka huko unaweza kuchukuliwa jeshini, na jeshini unaweza kusoma."

Nilimwuliza kwa nini asende chuo moja kwa moja. Alinitajia hesabu. Enzi za kusomeshwa bure zilianza kwisha mwanzoni mwa miaka ya tisini, ulipoingia mpango wa kuchangia gharama. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu hapo mwanafunzi hukopeshwa kwa kadiri ya uhitaji wake, na siku hizi akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka amalize. Yeye alikuwa amekadiria kwamba mkopo hautafika kila mahali, kwamba pengo litamwangukia baba yake, na baba yake ana wengine watatu nyuma yake. Nilimweleza ninalolijua: kwamba JKT yenyewe hutangaza kila mwaka kuwa kujitolea si ahadi ya ajira. Miaka miwili ingeweza kupita, akarudi alivyokwenda, na nafasi ya chuo imekwisha kupotea. Alinyamaza. Alikuwa anayajua hayo. Mtu asiye na fedha huchungulia kila mlango, hata ule aliokwisha kuambiwa kwamba umefungwa.

Tulipanda basi pamoja siku ya Jumapili tukaenda Nyakahura kumwona babu yake. Nilitaka asikie kwa aliyetembea.

Baba alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho. Nami, kwa kuwa jambo lilikuwa limenijaa, nikamweleza habari za kijana wa Lukole: jinsi nchi iliyompokea ilivyomlipia chuo kwa sababu ya miaka minne, ilhali yeye Baba alikwenda vitani akarudi na blanketi. Nilisema kwa ukali kidogo. Baba alinitazama kama atazamavyo mtu anayepima pamba kwa macho.

"Wewe ulisoma chuo kwa fedha za nani?" aliniuliza.

"Za Serikali, Baba."

"Mimi nilitembea mpaka Kampala. Wewe ukasoma bure. Mimi nilihesabu kwamba tumelipana."

Sikuwa na jibu. Katika miaka yote ile sikuwahi kuijua hesabu yake. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mdaiwa niliyelipa deni langu kwa kupalilia mizabibu Makutupora. Kumbe yeye alikuwa na daftari lake, na ndani yake shahada yangu imeandikwa upande wa malipo. Akaendelea, safari hii akizungumza polepole.

"Deni ambalo silioni likilipwa ni la mwenzangu." Alimtaja jirani yetu aliyeandikwa naye siku moja, akafia njiani kuelekea Kampala. Amelala Kaboya, wilayani Muleba, yalipo makaburi ya mashujaa wa vita hivyo. "Mtoto wake aliacha shule darasa la nne akachunge ng'ombe, maana nyumbani hapakuwa na mwanamume. Yule hakufika kwenye hicho cha bure. Na watoto wake leo wakifika, hakuna tena cha bure."

Tangu siku ile nimeyafikiria sana maneno hayo, na nadhani mzee wangu, ambaye hakuvuka darasa la nne, aliona jambo ambalo wengi wetu wenye shahada tulilipita bila kuliona. Wakati elimu ya juu ilipokuwa bure kwa kila aliyefaulu, hapakuwa na haja ya kumtenga mwana wa askari na mwana wa mkulima au wa karani. Wote walikula chungu kimoja. Nchi haikuandika sheria ya kuwasomesha watoto wa waliopigana kwa sababu ilikuwa imeahidi kuwasomesha wote. Hiyo haikuwa dharau. Ilikuwa ahadi kubwa zaidi. Lakini chungu kilipopungua, tukaanza kugawa kwa vipimo: yatima, mwenye ulemavu, anayetoka kaya maskini. Vipimo hivi ni vya haki na sina ugomvi navyo hata kidogo. Ila vyote vinauliza mtu amekosa nini. Hakuna kinachouliza watu wake walitoa nini. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kwamba mgambo wa 1979 hawadai tena. Ahadi iliyowabeba iliondolewa, na wao wakaondoka pamoja nayo, kama mtoto aliyelala mgongoni asivyojua kwamba mbeleko imefunguliwa.

Kuna watakaosema kwamba kulipigania taifa ni wajibu, na wajibu haulipwi. Nakubali nusu. Baba hakwenda Uganda kutafuta ada yangu, na nadhani angenichapa kama ningesema hivyo. Lakini hata wajibu una kumbukumbu. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa, tunaweka mkuki na ngao, na kigogo anapuliza maneno mazuri kwenye kipaza sauti. Maneno mazuri hayarithiwi. Mjukuu hawezi kuyapeleka dirishani kwa mhasibu wa chuo. Elimu hurithiwa, na ndiyo maana, kati ya malipo yote ambayo nchi inaweza kumpa aliyeitumikia, naiona elimu kuwa ndiyo inayofanana zaidi na kile alichotoa. Alitoa miaka yake. Apewe miaka ya mwanawe.

Wala sidai mambo makubwa. Waliokwenda vitani 1979 wamebaki wachache na umri wao umesonga. Ingetosha kama wajukuu wa waliolala Kaboya wangetambuliwa pale mikopo inapogawiwa. Ingetosha pia kama kijana anayejitolea leo angeambiwa, kwa maandishi, kwamba kwa miaka yake miwili atapunguziwa kiasi fulani cha ada akienda chuo au chuo cha ufundi. Si lazima iwe ada yote. Hata sehemu ya tano ingekuwa mwanzo wa daftari.

Mpwa wangu hakwenda kujitolea. Babu yake ndiye aliyeamua. Alimwambia kwamba katika ukoo wetu kutembea kumekwisha kufanywa, sasa yeye akasome. Mkopo ulipotoka ulifika zaidi ya nusu. Baba aliuza ng'ombe wawili, mimi nikakatwa kidogo kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, na kijana wa Lukole alipozisikia habari hizi alituma fedha za godoro na vitabu bila kuombwa. Aliandika ujumbe mfupi kwamba hizo ni za bustani ya Jumamosi, ambayo kwa hesabu yangu yeye ndiye aliyeilima.

Sasa binti yuko Mwanza, anasomea ualimu wa sayansi. Akimaliza atakatwa asilimia 15 na atalipa, maana ndivyo alivyolelewa. Atakuwa ameilipa nchi ambayo babu yake aliilipa kabla hajazaliwa mama yake. Simwonei huruma kwa kulipa. Kulipa ni heshima. Ninachomtakia ni kitu kimoja tu: siku atakapopokea karatasi ya kwamba hadaiwi tena, aitunze katika sanduku lilelile la bati, juu ya karatasi ya babu yake ya kuachishwa, ili atakayezifungua siku moja azisome zote mbili kwa pamoja na afanye hesabu mwenyewe.